Osborne Reynolds

Osborne Reynolds (Belfast, Ireland, 23 Agosti 1842 – Watchet, Uingereza, 21 Februari 1912) alikuwa mhandisi na mwanafizikia. Anakumbukwa kwa kueleza kihisabati jinsi mafuta yanavyozuia metali mbili zisisagane.

Maisha

Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyependa mashine. Kabla ya masomo ya juu, Reynolds alifanya kazi katika karakana ya Edward Hayes mjini Stony Stratford. Alihitimu hisabati huko Cambridge mwaka 1867. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25, akawa profesa wa uhandisi katika Owens College, Manchester. Alifundisha hapo hadi 1905, alipostaafu kwa sababu ya ugonjwa. J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni, alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

Kazi

Mwaka 1883 alionyesha ni lini maji hupita kwa utulivu ndani ya bomba na ni lini huvurugika. Kipimo chake huitwa namba ya Reynolds.

Miaka hiyohiyo Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za ekseli za treni. Alipotoboa tundu juu ya beringi, mafuta yalisukuma nje kila kizibo alichoweka. Mwaka 1886 Reynolds alieleza sababu: mhimili unaozunguka huvuta mafuta hadi penye nafasi nyembamba, shinikizo hupanda, na utando wa mafuta hubeba mzigo wote.

Mlinganyo wake bado hutumika kusanifu beringi za mitambo mingi, zikiwemo injini za meli kama zile za bandari ya Itungi wilayani Kyela, kwenye Ziwa Nyasa. Mzigo ukizidi au mafuta yakiwa mepesi mno, utando hukatika na metali hulika.

Mafuta yasipotosha

Hali hiyo hutokea katika ufuaji baridi, yaani kuunda boliti au gia kwa kukandamiza chuma ndani ya kalibu bila kukipasha moto. Shinikizo hukamua mafuta, na chuma huganda kwenye kalibu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1930 chuma huchovywa kwanza katika mchanganyiko wa fosfeti ya zinki, ambayo huacha fuwele zilizoshikamana na uso wake, kisha hupakwa sabuni. Fuwele huishika sabuni isikamuliwe.

Heshima

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1877, akapewa Royal Medal mwaka 1888.