Hayati Richard Feynman na Glasi ya Barafu

Mwaka 2013 BBC ilionyesha kwenye runinga mchezo kuhusu ajali ya Challenger, chombo cha angani cha Marekani. Shujaa wake si rubani wala rais. Ni mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, mgonjwa tena mtundu kupindukia: Richard Feynman, aliyeigizwa na William Hurt. Mtu huyu aliishi kweli.

Alizaliwa New York tarehe 11 Mei 1918. Angali mtoto alikuwa akitengenezea watu redio zilizoharibika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa miongoni mwa waliounda bomu la atomiki huko Los Alamos, na huko huko akawa anafungua kabati za siri za wakubwa, eti awaonyeshe kwamba kufuli zao ni bure! Mwaka 1965 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ngoma za bongo nazo alizipiga sawasawa.

Sasa tufike penyewe. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilisambaratika sekunde 73 tu baada ya kuruka kutoka Florida. Watu saba walikufa, mmoja wao Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari aliyekuwa afundishe wanafunzi akiwa angani. Feynman akaitwa katika tume ya uchunguzi. Alikuwa na saratani na angeweza kukataa, lakini mkewe, Gweneth, alimhimiza aende.

Roketi za pembeni zilikuwa zimeungwa vipande vipande, na kila kiungo kilizibwa kwa pete za mpira ili moto usipenye. Asubuhi ile baridi ilikuwa kali, nyuzi 2 hivi za Selsiasi. Kumbe usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyounda roketi hizo walikuwa wameonya chombo kisirushwe chini ya nyuzi 12! Wakubwa wao wakawapuuza.

Tarehe 11 Februari, mbele ya kamera, Feynman alibana kipande cha mpira ule kwa kibanio kidogo cha chuma, akakitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu. Alipokitoa na kukifungua, hakikurudi upesi katika umbo lake. Basi! Hata mtoto angeelewa. Haki isemwe, fununu ilianza kwa mwanaanga Sally Ride, aliyempa Jenerali Kutyna habari za mpira na baridi, naye Kutyna akamdokezea Feynman. Siri hiyo ilifichuka baada ya Ride kufariki.

Mzee hakuishia hapo. Wakubwa wa NASA walidai kwamba hatari ni ajali moja katika safari 100,000. Wahandisi walimwambia ni karibu moja katika 100. Maoni yake yalipotaka kuachwa nje, alitisha kuondoa jina lake kwenye ripoti. Yakachapishwa kama nyongeza.

Alifariki Los Angeles tarehe 15 Februari 1988. Septemba mwaka huo huo safari zikaanza tena, viungo vya roketi vikiwa vimeundwa upya.