David Sheldrick na Hesabu ya Ndovu wa Tsavo

Mwanafunzi wa Kakamega anayejiandaa kwa mtihani wa Biolojia hukariri vigezo vinavyoongeza au kupunguza idadi ya viumbe: chakula, maji, magonjwa, uwindaji na ushindani. Msitu ulio karibu naye una kima na mvua tele, lakini hauna ndovu. Ili aone vigezo hivyo vikitenda kazi kwa pamoja, hana budi kuelekeza macho kwenye nyika kame ya Tsavo, na kwenye maisha ya David Sheldrick.

Sheldrick alizaliwa mwaka wa 1919 mjini Alexandria, Misri, akalelewa nchini Kenya. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alipigana Ethiopia na Burma, akafikia cheo cha meja. Mbuga ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka wa 1948, alikabidhiwa usimamizi wa sehemu ya Mashariki, yenye makao yake Voi. Palikuwa pori tupu. Akasimamia ujenzi wa barabara, uchimbaji wa bwawa la Aruba na vita dhidi ya wawindaji waliotumia mishale ya sumu.

Uwindaji ulipopungua, ndovu waliongezeka. Aidha, wengine walikimbilia mbugani kwa sababu ya mashamba na makazi yaliyokuwa yakienea nje. Kufikia mwishoni mwa miaka ya sitini, Tsavo na viunga vyake vilikuwa na ndovu takriban 35,000. Miti iliangushwa, vichaka vikageuka mbuga ya nyasi. Kwa lugha ya wanaikolojia, idadi ilikuwa imepita uwezo wa mazingira kuihimili.

Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Mtafiti Mwingereza Richard Laws, aliyekuwa amewachunguza ndovu wa Uganda, alipendekeza ndovu wapatao 3,000 wapigwe risasi. Sheldrick alikataa katakata. Kwake, kuongezeka na kupungua kwa ndovu, miti na nyasi kulikuwa mzunguko wa kimaumbile, na binadamu hakupaswa kuuingilia. Laws aliondoka mwaka wa 1968, naye Sheldrick akabaki na dhamana ya uamuzi huo.

Mwaka wa 1970 mvua ilikosekana. Hadi mwisho wa 1971, ndovu wapatao 6,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa wala si kwa kiu. Majike na ndama ndio walioangamia zaidi, kwani ndama hawakuweza kwenda mbali na maji, na malisho ya karibu yalikuwa yamekwisha. Madume yalitembea mbali, yakapona. Walioamini kwamba risasi ingepunguza mateso hayo walimlaumu Sheldrick. Waliomuunga mkono waliona mazingira yamejirekebisha yenyewe. Vichaka vilianza kuchipuka tena.

Hata hivyo, kigezo cha tatu kilikuwa njiani. Bei ya pembe ilipanda katika miaka ya sabini, na majangili wenye bunduki wakaivamia Tsavo. Wahenga walinena kwamba tembo hashindwi na mkonga wake. Pembe zake ndizo zilizomponza. Mwishoni mwa 1976 Sheldrick alihamishiwa Nairobi, na mnamo Juni 1977 akafariki kwa maradhi ya moyo. Mwaka huo huo mjane wake, Daphne, alianzisha wakfu wa wanyama kwa jina lake. Hesabu ya mwaka wa 1988 ilipata ndovu chini ya 6,000.

Ni bayana, basi, kwamba Laws hakukosea kuhusu uhaba wa malisho, wala Sheldrick hakukosea kuhusu nguvu za ukame. Lakini ukame uliua hasa majike na ndama, ukaacha malisho yakue upya. Bunduki ilifuata pembe, wala haikujali malisho yalikuwa mengi au machache. Mtahiniwa anayeorodhesha vigezo tu amejibu nusu ya swali. Nusu ya pili ni kueleza kila kigezo humwondoa nani, na kwa nini.