Andrew Foster, kiziwi aliyewafungulia viziwi wa Afrika mlango wa shule

Tarehe 3 Desemba dunia inaadhimisha Siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Kwa viziwi wa Afrika, tarehe hiyo inakumbusha pia kifo. Tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo ilianguka karibu na Gisenyi, nchini Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma. Ndani yake alikuwemo Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu utoto, ambaye alikuwa amefungua zaidi ya shule 30 za viziwi katika nchi 13 za Afrika. Zaire, yaani Congo yetu ya leo, ilikuwa mojawapo.

Maisha yake yanawahusu wakaaji wa Bunia. Katika mtaa wa Ngezi, kama katika mitaa mingine ya mji, mtoto asiyesikia huitwa bubu, na wako wazazi wanaoona kwamba kumnunulia daftari ni kutupa pesa. Foster alisikia maneno ya namna hiyo mbele ya watoto wengi, na kazi yake yote ilikuwa kuyapinga kwa matendo.

Homa iliyofunga masikio

Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Alikuwa mtoto mwenye kusikia kama wengine mpaka alipofikisha miaka 11. Mwaka huo yeye na ndugu yake walipata ugonjwa wa uti wa mgongo, ule ambao waganga wanauita meninjiti. Wote wawili walipona, lakini wote wawili walibaki viziwi.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kujua sikio linavyofanya kazi. Sauti ni mtetemo wa hewa. Inaingia katika tundu la sikio na kugonga ngozi nyembamba iliyokazwa kama ngozi ya ngoma. Ngozi hiyo inatikisa mifupa 3 midogo sana iliyoshikana. Ule wa mwisho ni mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa mtu. Mifupa hiyo inasukuma maji yaliyo ndani ya kijumba chenye umbo la konokono. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye nywele ambazo jicho haliwezi kuziona. Maji yanapozitikisa, zinatuma ujumbe kupitia mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo mtu anatambua kama ni kengele, mvua au sauti ya mama yake.

Meninjiti inashambulia ngozi zinazofunika ubongo, na vijidudu vyake vinaweza kupita hadi ndani ya kile kijumba cha konokono na kuua chembe hizo. Kwa mwanadamu, chembe hizo zikifa hazioti tena. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kutoka hospitalini akitembea vizuri, akili yake ikiwa nzima, lakini hasikii kitu. Kinachokatika ni njia ya sauti.

Milango iliyofungwa

Wakati huo, sheria za kusini mwa Marekani zilitenganisha weusi na weupe hata katika shule za viziwi. Foster alipelekwa katika shule ya watoto weusi viziwi na vipofu huko Talladega, ambako masomo yaliishia darasa la sita. Alipokuwa na miaka 17 alihamia Detroit, akafanya kazi za mikono, huku akisoma kwa njia ya posta mpaka akapata diploma ya shule ya sekondari mwaka 1951.

Chuo cha Gallaudet mjini Washington, chuo kikuu cha viziwi, kilikuwa kimemkataa mara kadhaa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huo wa 1951 hatimaye kilimpokea, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hapo. Akiwa Gallaudet alianza kuuliza habari za viziwi wa Afrika. Aligundua kwamba katika bara zima shule zao zilikuwa 12 hivi tu.

Mwaka 1956 alianzisha shirika la kikristo la kuwahudumia viziwi. Mwaka uliofuata akafika Accra, Ghana, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka huo huo. Hakuwa na jengo. Aliazima vyumba vya shule ya serikali katika mtaa wa Osu na kufundisha baada ya wanafunzi wengine kurudi nyumbani. Habari zilipoenea, wazazi walianza kuleta watoto ambao hata majirani hawakujua kwamba wapo.

Kutoka Accra hadi Zaire

Mwaka 1960 alifika Ibadan, Nigeria, na kutoka hapo kazi ikapanuka: Côte d'Ivoire, Togo, Tchad, Kamerun, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Zaire na kwingineko. Mwaka 1961 alifunga ndoa na Berta Zuther, Mjerumani aliyekuwa kiziwi kama yeye, na wakazaa watoto 5. Familia ilivumilia mengi, kwa kuwa Foster alitumia sehemu ya mwaka Afrika na sehemu nyingine Marekani akitafuta fedza makanisani.

Zamani hizo shule nyingi za viziwi ziliwalazimisha watoto kusoma midomo na kutamka maneno ambayo hawajawahi kusikia. Foster aliwafundisha kwa mikono. Katikati ya miaka ya 1970 alianza kuwakusanya Ibadan walimu wa nchi zinazotumia Kifaransa, wengi wao wakiwa viziwi wenyewe, ili warudi kufungua madarasa kwao.

Si wote wanaomsifu kwa kila jambo. Ishara alizoleta zilitoka Marekani, na wataalamu wa lugha wanamlaumu kwamba zilisukuma pembeni ishara ambazo viziwi wa Afrika walikuwa nazo tayari. Lakini wanafunzi wake walizichanganya na Kifaransa na mazoea ya nchi zao, ikazaliwa lugha ya ishara ya Afrika ya Kifaransa. Ndiyo maana leo kiziwi wa Congo anaweza kukutana na kiziwi wa Togo wakazungumza.

Gallaudet, chuo kilichomkataa, kilimpa shahada ya heshima mwaka 1970, na mwaka 2004 kikaita ukumbi mmoja kwa jina lake.

Kinachobaki kufanywa

Ugonjwa uliomfunga Foster masikio haujaondoka. Mwaka 2021 meninjiti iliua zaidi ya watu 200 huko Banalia, katika jimbo jirani la Tshopo. Masikio yanaharibiwa pia na surua, usaha usiotibiwa, kelele kali kama milio ya risasi, na baadhi ya dawa za sindano zikitumiwa bila uangalizi wa muganga. Mengi kati ya hayo yanazuilika: chanjo kwa wakati, kumpeleka hospitalini mtoto mwenye homa kali na shingo ngumu, na kutotia mafuta wala kijiti katika sikio linalotoa usaha.

Kwa mtoto ambaye tayari hasikii, kuchelewa ndiyo hatari kubwa. Asipopewa lugha akiwa mdogo, iwe kwa mikono au kwa chombo cha kusaidia kusikia, atakua bila njia ya kusema kwamba anaumwa, anaonewa au anaogopa. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini Congo, masomo yakiwemo. Mzazi wa Ngezi anayekwenda kuandikisha watoto wake ana haki ya kumpeleka na yule asiyesikia.