Askofu Mkuu Janani Luwum, Shahidi wa Uganda



Kila mwaka, mwezi wa Februari, Kanisa la Anglikana humkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa mjini Kampala tarehe 16 Februari 1977. Jina lake hutajwa kanisani, lakini vijana wetu wengi wa Kilosa na Mikumi hawajui alikuwa nani wala aliuawa kwa kosa gani. Na wapo wanaodhani kwamba alikuwa mtu mkali, mpenda ugomvi na serikali. Haikuwa hivyo hata kidogo. Kwa hiyo tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa kifupi, maana yana mafundisho kwa kila Mkristo aliye chini ya mkubwa fulani. Na ni nani kati yetu asiye na mkubwa?

Habari za namna hii si ngeni kwetu. Wamisionari wa C.M.S. walifika Mamboya katika milima ya Ukaguru karibu na mwaka 1880, na baadaye kazi ikaenea Berega na kwingineko. Ilipotokea Vita Kuu ya mwaka 1914, serikali ya Kijerumani iliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza. Hata walimu Waafrika wa misheni walishikwa, wakashtakiwa kuwa wapelelezi, na wengine wakapigwa na kufungwa Tabora. Basi tunaposoma habari za Luwum, tusidhani kwamba tunasoma mambo ya watu wa mbali.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Mucwini, karibu na Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa Mwacholi. Baba yake, Eliya Okello, alikuwa mwalimu wa kanisa, na nyumba yao ilikuwa maskini. Janani alichunga mifugo kama watoto wengi wa kwetu, akaanza shule akiwa amekwisha kufika umri wa miaka 10. Alisoma Gulu, kisha chuo cha ualimu cha Boroboro karibu na Lira, akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Tarehe 6 Januari 1948 maisha yake yaligeuka. Siku hiyo alimpokea Kristo kuwa Mwokozi wake, kwa ushuhuda wa ndugu wa Uamsho. Uamsho huo ulianza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na wazee wetu wanaujua, maana ulivuka mpaka ukafika Tanganyika. Mmoja wa walioupeleka Dodoma ni mwalimu kijana kutoka Uganda, Festo Kivengere, aliyefundisha huko pamoja na mkewe Mera katika miaka ya 1940 na 1950. Tutakutana naye tena katika habari hii. Ndugu wa Uamsho walisisitiza sana kutembea nuruni. Mtu akikosa, aseme kwamba amekosa. Akimdanganya mwenzake, arudi akatubu mbele yake. Katika shule hiyo ya kusema kweli Janani alilelewa kwa muda wa miaka 29, kabla ya siku ile alipotakiwa kuisema mbele ya mtawala.

Mwaka 1949 aliingia chuo cha theolojia cha Buwalasi. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1955, na mwaka uliofuata akawa kasisi. Alitumwa Uingereza mara mbili kusoma, kwanza Canterbury, baadaye London. Aliporudi alipewa kuwa mkuu wa chuo cha Buwalasi, kisha akawa katibu wa Jimbo la Kanisa. Tarehe 25 Januari 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini. Ibada ilifanyika katika uwanja wa michezo wa Gulu, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno. Miongoni mwa wageni alikuwapo Rais Milton Obote, na pamoja naye mkuu wa majeshi yake, Idi Amin.

Miaka miwili baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 25 Januari, mwaka 1971, Amin aliipindua serikali ya Obote. Mara askari wa makabila ya Acholi na Lango wakaanza kuuawa kambini. Wengi wao walikuwa kondoo wa Askofu Luwum. Wajane walifika kwake wakilia, na wazazi walifika kuuliza habari za watoto wao. Alikuwa bado na mzigo huo moyoni alipochaguliwa mwaka 1974 kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Sasa angalieni alivyofanya. Hakujitenga na mtawala. Mtu akikamatwa, Askofu Mkuu alikwenda mwenyewe katika ofisi za idara ya usalama, mahali ambapo watu wengine waliogopa hata kupita karibu, akauliza habari zake na kumwombea aachiliwe. Alikwenda hata kwa Amin, akaketi naye mezani. Baadhi ya Wakristo walinung'unika, wakasema kwamba Askofu Mkuu anakula na muuaji. Yeye aliyavumilia maneno hayo, kwa sababu alijua kwamba siku mlango ule utakapofungwa hapatakuwa na mtu wa kuwasemea wafungwa. Alimpa mtawala heshima yake, akakubali kuonekana vibaya kwa ajili ya watu wake. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Amin hakulipata kwake, nalo ni kuyaita mauaji kwa jina jingine.

Mwezi wa Agosti 1976 viongozi wa Waanglikana, wa Wakatoliki na wa Waislamu walikutana kuzungumza juu ya mauaji na uporaji uliofanywa na watu wenye bunduki za serikali. Luwum ndiye aliyeongoza mkutano huo. Amin alikasirika sana aliposikia kwamba wamekutana bila ruhusa yake. Krismasi ya mwaka ule, salamu za Askofu Mkuu zilipokuwa zikitangazwa redioni, zilikatizwa kabla hazijaisha. Tarehe 30 Januari 1977 Askofu Festo Kivengere, yule mwalimu wa Dodoma, alihubiri huko Bushenyi mbele ya umati mkubwa na wakuu wa serikali, juu ya thamani ya uhai ambao Mungu amemkabidhi mwanadamu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Februari, kama saa saba na nusu, askari walivunja ua wa nyumba ya Askofu Mkuu huko Namirembe. Walimwelekezea bunduki, wakidai silaha. Walipekua vyumba vyote, wakatazama hata chini ya vitanda na katika magunia ya chakula. Hawakupata kitu. Walipotaka kuondoka, walitaka wafunguliwe lango. Mkewe Mary aliona kwamba yafaa watoke kwa njia ile ile waliyoingilia. Askofu Mkuu alisema hapana, sisi ni Wakristo na mioyo yetu ni safi, akaagiza wafunguliwe.

Tunaomba msomaji alishike jambo hili la lango, kisha alilinganishe na lililofuata. Siku chache baadaye maaskofu walikutana, wakamwandikia Rais barua. Barua hiyo iliandikwa kwa adabu, lakini haikuficha neno. Walilalamika juu ya bunduki iliyoelekezwa kwa Askofu Mkuu, wakaeleza kwamba kama nyumba yake inaweza kuvamiwa hivyo, hali ya raia wa kawaida ni mbaya zaidi. Walitaja watu wanaochukuliwa na kupotea. Kila askofu aliyetia saini alijua anachokifanya. Mtu aliyewafungulia askari lango bila chuki ndiye huyo huyo aliyetia saini barua ile bila woga. Wengi wetu tungeweza kufanya moja kati ya hayo mawili. Kuyafanya yote ndiko kugumu.

Wapo waliomsihi Luwum aikimbie nchi. Alikataa kuliacha kundi. Tarehe 14 Februari aliitwa Ikulu ya Entebbe, naye Mary akafuatana naye. Amin alimshtaki kwamba anashirikiana na Obote kuleta silaha nchini. Askofu Mkuu alikana, kwa sababu halikuwa kweli.

Tarehe 16 Februari maaskofu, viongozi wengine wa dini, mawaziri na askari wengi waliitwa Kampala. Bunduki zilipangwa mbele yao, ikasomwa taarifa iliyomtaja Luwum. Naye alitikisa kichwa kimya kimya. Askari walipoulizwa wafanyeje, walipiga kelele kwamba wauawe. Baadaye maaskofu waliambiwa waende nyumbani, ila Askofu Mkuu alitakiwa abaki, ati Rais anataka kumwona. Askofu Festo na Askofu Silvanus Wani walimngoja nje mpaka walipofukuzwa. Hawakumwona tena.

Kesho yake ilitangazwa kwamba Luwum amekufa katika ajali ya gari, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Mwili ulipelekwa na askari Mucwini ukazikwe upesi. Watu wa nyumbani walipofungua jeneza waliona majeraha ya risasi. Hivyo uongo wa serikali ulidumu siku chache tu, ukavunjwa na wanakijiji wasio na silaha waliotaka kumwona mtoto wao kwa mara ya mwisho.

Huko Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, kando ya kaburi la Askofu James Hannington. Huyu Hannington mwaka 1882 alipita katika nchi yetu, kwa njia ya Mamboya na Mpwapwa, na mwaka 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Serikali ilikataza ibada ya kumkumbuka Luwum, lakini Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu walikusanyika katika kanisa kuu. Walipotoka walilizunguka lile kaburi tupu, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha habari za wanawake waliokwenda kaburini kwa Bwana asubuhi ya Pasaka. Askofu Festo na mkewe walikuwa wamekwisha kutoroka kwenda Rwanda.

Mwaka 1978 Amin aliivamia nchi yetu huko Kagera, na vijana wa Tanzania wakaitwa vitani, wengine hawakurudi. Utawala wake ulianguka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Yeye alikimbia, akafa Saudi Arabia mwaka 2003. Sanamu ya Luwum imewekwa tangu mwaka 1998 juu ya mlango wa kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine wa karne ya ishirini. Na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Wapendwa, hatutazamii kwamba mtu wa Kilosa au Mikumi ataitwa mbele ya Amin. Lakini wapo kati yetu wanaoletewa karatasi watie saini. Mjumbe wa kijiji huletewa muhtasari wa mkutano wa ardhi ambao haukufanyika. Karani huambiwa aongeze magunia katika hesabu. Mkulima na mfugaji wanapogombana, shahidi huambiwa na wakubwa wa upande wake aseme aliyoyaona na asiyoyaona. Hata kanisani, mtunza hazina huweza kuombwa na kiongozi wake afunike jambo ili jina la kanisa lisiharibike. Anayekataa huitwa mkaidi, na pengine hupoteza kibarua. Hayo ni mateso ya kweli, na tusiyadharau kwa sababu hayatangazwi redioni.

Kwa Luwum tunajifunza kwamba kukataa uongo hakuhitaji matusi. Alimheshimu mkubwa wake, alimwendea kwa ajili ya wengine, akamwandikia kwa adabu. Lakini alipofika mahali pa kusema uongo au kuunyamazia, hakusogea. Tena hakusimama peke yake. Maaskofu wenzake walitia saini pamoja naye. Hapo ndipo tunapojiuliza sisi wenyewe: mshirika wetu akipoteza kazi kwa kukataa hesabu za uongo, je, tunamtembelea? Tunampelekea debe la mahindi? Au tunamwambia kwamba alijitakia?

Februari hii tunaomba kila jumuiya iwataje kwa majina, katika maombi, ndugu walio katika ofisi, katika mashamba ya watu, katika mabaraza na katika ulinzi wa hifadhi. Na yule ambaye wiki hii ana karatasi mbele yake na anaogopa, amwendee mchungaji wake au mzee wa kanisa kabla hajashika kalamu. Mungu ampe nguvu, na atupe sisi moyo wa kusimama naye.