Ernest Rutherford na Nusu-maisha ya Atomi

Umekwisha kujifunza kwamba kila kitu kimefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Sasa soma habari za mtu aliyeonyesha kwamba baadhi ya atomi hazidumu.

Ernest Rutherford alizaliwa mwaka 1871 huko Nyuzilandi. Baba yake alikuwa fundi na mkulima, nao watoto wa nyumba hiyo walikuwa 12. Aliomba msaada wa masomo ili aende Uingereza. Alichaguliwa mtu mwingine. Mtu huyo alipoukataa msaada ndipo Rutherford akaupata, akaenda Cambridge mwaka 1895.

Mwaka 1898 alihamia Montreal, Kanada, kufundisha. Huko alichunguza gesi itokayo katika madini ya thoriamu. Gesi hiyo hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Rutherford aliipima, akaona kuwa kila ipitapo dakika moja hivi nguvu yake hupungua: hubaki nusu, kisha robo, kisha thumuni. Yeye na mwenzake Frederick Soddy wakaeleza sababu: atomi zilikuwa zikigeuka kuwa za aina nyingine. Muda huo wa kupungua kwa nusu huitwa nusu-maisha. Mwaka 1908 Rutherford alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Jaribio

Wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, ambako maharage hustawi, watapata vifaa kwa urahisi. Chukua maharage 64. Paka wino upande mmoja wa kila harage. Yatikise katika kopo, uyamwage mezani. Ondoa yote yaliyoonyesha wino, kisha rudia kwa yaliyobaki. Yatabaki karibu 32, halafu 16, halafu 8. Huwezi kujua ni harage lipi litakaloondoka, lakini waweza kukisia yatabaki mangapi. Ndivyo zilivyo atomi hizo.

Rutherford alionyesha pia kuwa jambo hili laweza kupima umri wa mawe. Alifariki mwaka 1937, lakini kazi yake iliendelea. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kale katika Bonde la Olduvai, nchini mwetu. Mwaka 1961 wataalamu walipima potasiamu iliyomo katika majivu ya volkano ya mahali hapo. Wakatambua kuwa fuvu hilo lina umri wa miaka 1,750,000 hivi.

Swali: Atomi 800 zina nusu-maisha ya dakika 1. Baada ya dakika 3 zitabaki karibu ngapi?