Santiago Bernabéu: Mtu Kabla ya Uwanja

Mimi nilidhani Bernabéu ni jina la uwanja tu. Kumbe alikuwa mtu! Alizaliwa Almansa, Uhispania, mwaka 1895, akaichezea Real Madrid kama mshambuliaji, kisha akawa rais wake kuanzia 1943 hadi alipofariki 1978. Klabu haikuwa mali yake; wenyewe ni wanachama. Uwanja wao wa zamani uliharibiwa vitani. Akaamua kujenga mpya, mkubwa ajabu, na hela akazikopa kwa wanachama hao hao. Ulifunguliwa 1947. Di Stéfano akaja 1953, na Kombe la Ulaya likabebwa mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960. Watu husifu vikombe. Mimi nasifu lile deni: bila uwanja kujaa watu, Di Stéfano angelipwa na nini? Wanachama waliupa uwanja jina lake 1955, mzee akiwa bado hai.