Huzuni ya Kijana Iliyofichwa na Ufanisi

Aghalabu walimu na wazazi hudhani kwamba mwanafunzi anayeongoza darasani hana shida. Maadamu alama zake ni nzuri na nidhamu yake haina dosari, nani atajisumbua kumwuliza hali ya moyo wake? Maisha ya mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, yanatuonya dhidi ya dhana hiyo.

Mill alizaliwa London mwaka wa 1806. Baba yake, James Mill, hakumpeleka shuleni bali alimfunza mwenyewe nyumbani. Mtoto alianza Kigiriki akiwa na umri wa miaka 3, Kilatini akiwa na miaka 8, na mantiki akiwa na miaka 12. Alitengwa na watoto wa rika lake, na juu ya hayo alitwikwa kazi ya kuwafunza wadogo zake. Mwaka wa 1823, akiwa na miaka 17, aliajiriwa na Kampuni ya East India, alikofanya kazi baba yake. Machoni pa watu, malezi hayo yalikuwa yamefaulu kupindukia.

Katika miezi ya mwisho ya 1826, kijana huyo wa miaka 20 alijiuliza iwapo angefurahi kama mageuzi yote aliyoyapigania yangetimia papo hapo. Moyo wake ulikataa. Tangu hapo maisha yakakosa ladha. Vitabu alivyovipenda havikumfariji tena, wala usingizi haukumpunguzia uzito alioubeba. Hata hivyo, aliendelea kufanya kazi kama kawaida, na waliomzunguka hawakushuku lolote.

La kusikitisha ni kwamba hakumwambia mtu. Baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wake mkuu, alikuwa mtu wa mwisho ambaye angeweza kumwendea. Mill aliona kwamba mzee huyo asingeielewa huzuni yake, na kwamba kumwambia kungemwonyesha tu kuwa mpango wake wa malezi ulikuwa na kasoro. Rafiki wa kumfungulia moyo pia hakumwona.

Nafuu ilimjia polepole. Siku moja alisoma kumbukumbu za Mfaransa Marmontel, akafika pale mwandishi anaposimulia kifo cha baba yake, na machozi yakamtoka. Akatambua kwamba moyo wake haukuwa umekufa. Mwaka wa 1828, mashairi ya William Wordsworth yakamwongezea faraja. Akahitimisha kwamba elimu inayonoa akili na kuacha hisia zikauke ni elimu pungufu.

Je, huzuni hiyo iliisha kabisa? La. Ilimrudia mara kadhaa, mara nyingine kwa miezi mingi. Lakini haikumzuia kuandika kitabu chake juu ya uhuru mwaka wa 1859, wala kupeleka Bungeni mwaka wa 1866 ombi la wanawake la kupewa haki ya kupiga kura. Alifariki Avignon, Ufaransa, mwaka wa 1873.

Wataalamu waliofuatilia maisha ya vijana kwa miaka mingi wamebaini jambo linaloshabihiana na hilo. Kijana aliyewahi kupatwa na unyogovu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa nao tena ukubwani, na masomo yake, kazi yake na uhusiano wake na watu huweza kuathirika. Hata hivyo, si hukumu isiyo na rufani. Wengi hupona, hasa wanaposaidiwa mapema.

Kwa hivyo, tusiwaachie vijana wetu bahati ya kukutana na kitabu kifaacho. Mill alijiopoa mwenyewe, wapo wasioweza. Mwalimu amtazame pia mwanafunzi bora aliyenyamaza ghafla, naye mwanafunzi ajue kwamba kumwendea mwalimu, mzazi au daktari si udhaifu. Mficha maradhi, kifo humwumbua.